Majirani Zetu wa Ukerewe na Ukara
Hotuba kwa wananchi wa Bukima



Leo tunapenda kusema machache juu ya majirani zetu wa visiwani. Wako watu wanaodhani Ukerewe ni nchi ya mbali, kwa kuwa imo katika mkoa wa Mwanza na sisi tu watu wa Mara. Mpaka huo ni wa maofisini. Mvuvi akiwa ziwani hauoni.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na mji mkuu wa wilaya ni Nansio. Kwa njia ya nchi kavu twapita Bunda na Kibara mpaka Kisorya, kisha twavuka maji membamba hadi Rugezi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika wilaya hiyo watu zaidi ya 345,000. Humo wamo Wakerewe, Wakara, na Wajita wenzetu waliovuka zamani na majembe yao. Kijita, Kikara na Kikerewe ni lugha za ukoo mmoja. Tena ni huko alikotoka Mzee Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kitabu kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, kikaja kutoka kwa Kiswahili mwaka 1981.

Kaskazini ya Ukerewe kiko kisiwa cha Ukara. Ni kidogo, watu ni wengi, na udongo wake ni wa kichanga. Wakara hawakungoja bwana shamba awafundishe. Walifuga ng'ombe zizini, wakawakatia majani, wakabeba samadi mpaka shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, kisha wakayafukia yawe mbolea. Walijenga kingo za mawe ili mvua isichukue udongo. Watu hawa walijua kipimo: shamba kiasi hiki lataka samadi kiasi hiki.

Lakini kipimo kilichoheshimiwa shambani hakikuheshimiwa majini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara. Kilikuwa cha kubeba watu kama 100. Kilijazwa zaidi ya mara mbili, pamoja na mizigo, kikapinduka karibu na gati la Bwisya. Waliokufa walizidi 200. Walikufa wakiuona ufuko wa kwao.

Ndugu zetu, asiwepo wa kusema wale walikuwa wajinga. Watu hujazana kwa sababu chombo ni kimoja, gulio limekwisha, na watoto wanangoja nyumbani. Sisi wa Majita twalijua jambo hilo, maana nasi tuna mitumbwi na tuna haraka.

Basi yapo mambo mawili. La kwanza, tudai bila woga vyombo vya kutosha na wakaguzi wasiofumba macho. Maisha ya mtu wa kisiwani si rahisi kuliko ya mtu wa mjini. La pili, tusikubali sisi wenyewe kupanda chombo kilichojaa, kiwe kivuko au mtumbwi wa jamaa yetu. Mwenye chombo akisema, "Ingia, nafasi ipo," tumwulize kwanza: "Tumo wangapi?"