Lori Lenye Jicho Moja
(Maneno tuliyowaambia wanachama mkutanoni Kimbo)



Wengine wenu mwaingia zamu ya usiku baada ya mkutano huu, kwa hiyo tutasema juu ya jambo moja tu, nalo ni taa za mbele.

Hapa Kimbo hatuna haja ya kuambiwa. Simama kando ya barabara ya Thika giza linapoingia, hutakaa sana kabla ya kuona lori lenye jicho moja. Kwa mbali ladhaniwa pikipiki. Mtu anayetaka kuvuka hupima nafasi ya pikipiki, kumbe linalokuja ni lori zima la mawe ya Ndarugo. Na huyo anayevuka ni nani? Ni mwenzetu aliyetoka kiwandani Ruiru au Thika, arudi kwake kwa miguu.

Tufanye hesabu kidogo. Lori liendalo kilometa 80 kwa saa, ndio mwisho wa mwendo walioruhusiwa malori, hupita meta 22 kila sekunde. Kwa mwendo huo hata gari dogo lenye breki nzuri, barabara ikiwa kavu, hutaka kama meta 53 hata lisimame kabisa. Lori lenye mzigo hutaka zaidi. Taa zikiwa zimeshushwa, nazo ni nzima, mwanga wake wa kufaa hauendi mbali kuliko hapo. Basi ikifa moja, au vioo vyote viwili vikifunikwa na vumbi la machimbo, dereva anakwenda kwa kubahatisha. Kitambaa na maji havina bei, tanboi.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mara nyingi si wa fedha nyingi. Taa moja ikiwaka hafifu na ya pili ni nzuri, usikimbilie kununua globu. Tazama kwanza waya wa athi, ule uliofungwa kwenye bodi ya gari. Hushika kutu. Ufungue, ukwangue kwa msasa, ukaze. Zote mbili zikizimika pamoja, ni nadra globu mbili kufa kwa saa moja. Tazama fyuzi, swichi na rilei. Globu zikiungua mara kwa mara, huenda katauti imeharibika na umeme umezidi: injini ikinguruma, betri ya volti 12 isipate zaidi ya 14 na nusu hivi, na ya volti 24 isipite 29. Na globu ya halojeni usiishike kioo kwa vidole, kwa maana mafuta ya mkono hukifanya kipasuke kikipata moto.

Ziko dawa mbaya ambazo tumeziona sana, na twaomba ziishe. Mmoja huweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi hukatika ili waya wa gari usiungue. Ukiizuia, siku moja utashuka lori likiwaka. Mwingine hutia globu ya wati 100 kwenye waya zilizofanywa kwa wati 60, akajisifu kwa mwanga mpaka swichi iyeyuke, na huku amempofusha kila mtu anayekutana naye. Hata taa nzima hupofusha ikiwa imeinuka. Simamisha gari meta 10 mbele ya ukuta, likiwa na mzigo wake, kwa sababu mzigo wa nyuma huinua pua ya gari. Ukomo wa juu wa mwanga ulioshushwa uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimeta 10 hivi.

Lakini twajua shida kubwa haiko kwa dereva. Dereva asema taa imekufa, aambiwa, “Nenda tu, fundi atakuja kesho.” Kesho ni wiki tatu. Sheria ya Trafiki, Mlango wa 403, kifungu cha 55, yakataza gari bovu barabarani, na atakayesimamishwa na askari usiku ni wewe uliyeshika usukani, si yule aliyelala. Ndiyo sababu twataka maneno yaandikwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake hatari kubwa aionayo, na yasema asifukuzwe wala kuadhibiwa kwa kuondoka mahali ambapo kwa haki aona pana hatari ya maisha. Lakini neno la mdomo hukanushwa asubuhi.

Andika namba ya gari, tarehe na saa, taa ipi mbovu, na jina la uliyemwambia. Aweke sahihi. Akikataa, andika kwamba alikataa, mbele ya shahidi, upige na picha ya taa kwa simu. Nakala moja yabaki yadini, moja kwako, moja yaja kwetu.

Vitabu vyenye karatasi za kaboni viko mezani kwa katibu. Wa zamu ya usiku wachukue kwanza.