Usawa Haukomei Langoni: Sheria za Elimu na Matabaka Tanzania



Jioni ya leo nina swali moja: je, sheria zetu za elimu zimepunguza matabaka, au zimeyahamisha tu kutoka hatua moja ya shule hadi nyingine? Jibu langu ni kwamba zimefanya yote mawili. Kila mara tulipofungua lango moja, ubaguzi ulihamia kwenye lango lililofuata ambalo sheria haikuligusa.

Tuanzie kwenye urithi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja kwa fungu lake la fedha. Watoto wengi wa Kiafrika waliobahatika kusoma waliishia darasa la nne. Sheria mpya, iliyoanza kutumika mwaka 1962, ilivunja mgawanyo wa rangi. Ilikuwa hatua ya utu, lakini ilibakiza migawanyo miwili mingine: dini na mkoa. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na misheni zilikuwa zimestawi zaidi katika sehemu kama Kilimanjaro na Bukoba. Mtoto wa Kiislamu wa pwani na mtoto wa mfugaji walibaki nyuma kwa sababu ya mahali walipozaliwa, si kwa uvivu wa akili. Ndiyo maana naihesabu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoiwezesha Serikali kuzichukua shule za mashirika ya dini na kuzifungulia watoto wa imani zote, kuwa miongoni mwa sheria zenye uzito mkubwa katika ujenzi wa taifa hili.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Sheria ya Elimu namba 25 ya mwaka 1978 ikakazia: mtoto wa miaka saba sharti aandikishwe na ahudhurie, na mzazi anayemzuia ana kosa. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wanavijiji. Vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kufundisha, ndio tuliowaita walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, nao wanastahili shukrani ambayo taifa halijawalipa.

Lakini tazameni kilichotokea upande wa pili. Serikali ilipanga nafasi za sekondari kwa kufuata mahitaji ya wataalamu, hivyo zikabaki chache mno. Wahitimu wa darasa la saba waliongezeka, nafasi hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Mgao wa nafasi kwa mikoa na wilaya ulisaidia waliokuwa nyuma. Hata hivyo, wazazi wenye kipato, hasa katika maeneo ya kahawa, walijenga sekondari zao binafsi. Siwalaumu, kila mzazi humtakia mwanawe mema. Nasema tu kwamba usawa uliopatikana darasa la kwanza ulipotea darasa la saba.

Miaka ya ugumu wa uchumi ilirudisha ada na michango, na uandikishaji ukashuka. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001, sekondari za kata zikaenea baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004, na kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Mwaka 2021, Waraka wa Elimu namba 2 ulimruhusu binti aliyekatisha masomo kwa ujauzito kurudi darasani. Kabla ya hapo alifukuzwa. Waraka huo umerekebisha dhuluma, nami natamani uingizwe ndani ya sheria yenyewe, kwa kuwa kinachotolewa kwa waraka huweza kuondolewa kwa waraka.

Leo, basi, matabaka yamehamia wapi? Yamehamia ndani ya darasa. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na ada ilipofutwa mwaka 2016 kiwango kilikuwa kilekile, ingawa bei ya chaki, karatasi na vitabu haikusubiri. Pengo hilo huzibwa na familia: daftari, sare, chakula, masomo ya ziada. Mwenye uwezo huliziba. Asiye nao mwanawe hulipia kwa matokeo ya mtihani.

Pengo kubwa zaidi ni lugha ya kufundishia. Mtoto wa shule ya msingi ya umma hujifunza kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza karibu masomo yote hugeuka Kiingereza. Aliyesoma shule ya kulipia ya mchepuo wa Kiingereza haoni mabadiliko. Mwenzake wa shule ya kata anakariri kutoka ubaoni asichokielewa, naye huitwa mzito. Tume ya Makweta, iliyoundwa kutathmini elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Sasa jambo hili la lugha limekuwa zito zaidi kuliko wakati wowote. Sera ya Elimu, toleo la 2023, inaweka miaka kumi ya elimu ya lazima: sita ya msingi na minne ya sekondari. Dola inayomlazimisha mtoto kukaa darasani imejifunga yenyewe kumfundisha kwa lugha anayoielewa. Haiwezi kudai mahudhurio yake na kumnyima maana.

Napendekeza mambo matatu. Lugha ya kujifunzia isikatike katikati ya miaka hiyo kumi, na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo na walimu wanaokimudu. Ruzuku ipande kufuata bei, na shule za pembezoni zipate zaidi ya za mjini. Na Serikali itangaze kila mwaka tofauti ya matokeo kati ya shule na shule, wilaya na wilaya, ili Bunge liihoji. Sheria ya elimu ipimwe kwa kile anachokijua mtoto wa maskini siku anapomaliza shule. Kipimo hicho tukikikwepa, tutaendelea kuhesabu madawati huku tukirithisha umaskini.