Asikilizwe Kwanza: Kanuni Mbili za Sheria kwa Bodi za Vyama vya Ushirika

Maelezo ya mazungumzo kwa wenyeviti, makatibu na wajumbe wa bodi za vyama wanachama



Katika masharti ya chama cha ushirika imo sehemu inayoeleza namna mwanachama au mtumishi anavyoweza kuonywa, kusimamishwa, kufukuzwa au kudaiwa hasara. Sehemu hiyo husomwa kwa haraka siku ya kupitisha masharti, kisha husahauliwa mpaka fedha zipungue sandukuni au magunia yakosekane ghalani. Siku hiyo wajumbe wa bodi, ambao jana walikuwa wakulima na majirani tu, hugeuka mahakimu. Hawavai majoho, lakini uamuzi wao waweza kumwondolea mtu riziki na heshima yake. Kwa sababu hiyo sheria huwadai mambo mawili ambayo huwadai mahakimu wote. La kwanza, mtu asihukumiwe kabla ya kusikilizwa. La pili, mtu asiwe hakimu katika shauri lake mwenyewe. Wanasheria huyaita mambo haya kanuni za haki ya asili.

Kanuni hizi ni kongwe. Mwaka 1863 mahakama moja ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mjenzi aitwaye Cooper dhidi ya bodi ya ujenzi ya Wandsworth, London. Sheria ilimtaka kila mjenzi atoe taarifa siku saba kabla ya kuanza kujenga, na iliipa bodi uwezo wa kubomoa nyumba iliyojengwa bila taarifa. Bodi ikaibomoa nyumba ya Cooper bila kumwuliza neno. Ilipofikishwa mahakamani ilijitetea kwamba sheria haikusema popote kuwa mjenzi asikilizwe kwanza. Mahakama ilimpa Cooper ushindi. Majaji walieleza kwamba pale sheria inaponyamaza, haki yenyewe hujaza pengo hilo. Na mmoja wao alikumbusha kwamba hata Adamu aliulizwa kabla ya kutolewa katika bustani ya Edeni, ingawa aliyemwuliza alikuwa akijua yote.

Kanuni za namna hiyo ziliingia Tanganyika kwa amri ya Mfalme wa Uingereza ya mwaka 1920, pamoja na sheria nyingine zitokanazo na hukumu za mahakama za nchi hiyo. Leo hazitegemei tena asili hiyo peke yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, kwa mabadiliko ya mwaka 1984, imeziweka katika ibara ya 13(6). Humo imeelezwa kwamba haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Tena imeelezwa kwamba mshtakiwa wa kosa la jinai asitendewe kama mkosaji mpaka kosa lithibitike. Yafaa wajumbe wayaangalie maneno hayo, “chombo kingine”. Katiba haikuishia kwenye mlango wa mahakama.

Wapo watakaosema kwamba kusikiliza kuna maana pale tu penye shaka, na kwamba mtu ambaye kosa lake liko wazi hana la kueleza. Jambo hili liliamuliwa katika shauri la Ridge, aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji wa Brighton. Mwaka 1958, baada ya kufutiwa shtaka la jinai lakini akiwa amelaumiwa na jaji kwa mwenendo wake, kamati iliyokuwa na mamlaka juu yake ilimwachisha kazi bila kumwita. Mwaka 1963 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, lilitamka kwamba uamuzi ule ulikuwa batili. Kuwa na sababu za kumshuku mtu hakuondoi wajibu wa kumsikiliza.

Uchukuliwe mfano ulio karibu na ghala. Karani amepokea kahawa ya maganda kilo 10,000. Siku ya kupakia, mizani inasoma kilo 9,663. Zimepungua kilo 337. Wajumbe wenye hasira wanaweza kuandika usiku uleule kwamba karani ameiba, afukuzwe na alipe. Lakini angeulizwa, huenda angeleta daftari la mapokezi likionyesha kwamba kahawa ilipokelewa ikiwa na unyevu wa asilimia 14, na kipimo cha siku ya kupakia kikionyesha asilimia 11. Hapo hesabu ni nyepesi. Katika kilo 10,000 zenye unyevu wa asilimia 14, kahawa yenyewe bila maji ni kilo 8,600. Kilo hizo 8,600 zikibaki na unyevu wa asilimia 11, uzito wote huwa kilo 9,663. Hakuna mwizi, ni maji yaliyokauka. Vilevile yawezekana daftari lionyeshe kwamba unyevu ulikuwa asilimia 11 tangu siku ya kwanza, na hapo karani atakuwa na jambo zito la kujibu. Kwa vyovyote vile, ukweli ulikuwa ndani ya daftari, na mwenye kulieleza daftari alikuwa nje ya mlango.

Kusikilizwa, basi, si kuitwa na kukemewa. Mtuhumiwa apewe barua inayotaja tuhuma waziwazi: ni kosa gani, lini, na kwa kiasi gani. Apewe muda wa kutosha kutayarisha majibu. Aonyeshwe hati zinazotumika dhidi yake, maana mtu hawezi kujibu asichokiona. Aruhusiwe kueleza na kuleta mashahidi wake. Mwisho, uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, na ajulishwe njia ya kukata rufani iliyowekwa na sheria na masharti.

Kanuni ya pili wahenga waliifahamu waliposema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwaka 1923 mahakama ya Uingereza ilitengua hukumu iliyotolewa na mahakimu wa Sussex dhidi ya dereva wa pikipiki. Karani aliyeingia na mahakimu chumbani walipokwenda kushauriana alikuwa mwanachama wa kampuni ya mawakili iliyokuwa ikimdai dereva huyo fidia kwa ajali ileile. Karani hakusema neno chumbani, wala hapakuwa na ushahidi kwamba mahakimu walipotoshwa. Hata hivyo hukumu ilitenguliwa, kwa kuwa haki haitoshi kutendeka, bali ni lazima ionekane imetendeka. Mjumbe mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba na mtuhumiwa, au anayemdai, au ambaye ndugu yake anaitaka kazi ile, na atamke hivyo mapema na atoke chumbani. Kukaa kimya pembeni hakutoshi. Na katibu ahakikishe kwamba akidi inabaki baada ya mjumbe huyo kutoka.

Kuna hofu kwamba taratibu hizi huwapa wezi nafasi ya kukimbia. Hofu hiyo haina msingi. Kumsimamisha mtumishi kwa muda, kama masharti yanavyoruhusu, ili uchunguzi ufanyike, si kumhukumu. Kubadilisha kufuli za ghala, kukabidhi vitabu kwa mtu mwingine na kutoa taarifa polisi hakumnyimi mtu haki yake. Kinachomnufaisha mwizi ni haraka. Aliyefukuzwa bila kusikilizwa aweza kushinda rufani yake kwa kasoro hiyo peke yake, hata kama hasara aliisababisha kweli. Naye akishinda, gharama zitatoka katika fedha za wanachama walewale walioibiwa.

Kwa hiyo, kabla katibu hajaandika katika kitabu cha kumbukumbu kwamba fulani amefukuzwa, na atafute kwanza mambo manne katika jalada: nakala ya barua ya tuhuma, majibu ya mtuhumiwa au uthibitisho kwamba aliitwa akakataa kufika, majina ya wajumbe waliotoka kwa sababu ya maslahi yao, na sababu za uamuzi. Likikosekana hata moja, kikao kiahirishwe na pengo lizibwe. Siku chache za kungoja ni gharama ndogo kuliko jina la mtu lililoharibiwa bure.