Mazoezi Ndani ya Chumba Kimoja: Tununue Kifaa Gani?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa ili kila kikundi kiyasome pamoja.)



Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja. Mwanachama anasema: "Daktari ameniambia nifanye mazoezi. Mimi nimepanga chumba kimoja hapa sokoni. Je, kikundi kinaweza kunikopesha ninunue mashine?" Swali hili linagusa mambo mawili makubwa, yaani uhai wa mtu na pesa za kikundi. Kwa hivyo tulijibu polepole.

Kwanza tuseme ukweli. Anayelima kutwa, akateka maji na kupanda mlima na mzigo wa kuni, huyo tayari amefanya mazoezi. Lakini siku hizi vikundi vyetu si vya wakulima peke yao. Kuna fundi wa nguo, yuko kwa cherehani tangu asubuhi hadi jioni. Kuna mama wa duka, na kuna kijana wa bodaboda ambaye anazunguka kutwa lakini miguu yake haitembei. Kukaa hivyo miaka na miaka huchangia kuleta presha na ugonjwa wa sukari. Presha isipotunzwa huweza kuleta kiharusi. Na mmoja akipatwa na kiharusi, si yeye tu anayelala. Biashara hulala, na mtu mwingine huacha kazi yake ili amuuguze.

Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo. Linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho kidogo, pamoja na kazi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Si lazima uzifanye kwa mfululizo. Hata dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinahesabiwa.

Kutembea kwa haraka ni bure, na anayeweza aendelee. Lakini wengi wenu mnafunga duka saa mbili usiku, na njia si salama. Tena mama wa miaka hamsini akionekana anakimbia barabarani, watu huuliza amefukuzwa na nani! Basi tuingie nyumbani.

PIMA CHUMBA KABLA YA KUULIZA BEI

Vyumba vingi vya kupanga ni futi 10 kwa 10. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kimechukua karibu robo. Weka meza, viti, jiko, mitungi ya maji na sanduku la nguo. Kinachobaki ni nafasi ya mkeka tu. Kwa hivyo fanya hivi: lala chini hapo panapobaki, unyooshe mikono. Halafu simama, uinue mikono juu. Usipogusa kitu, nafasi hiyo yatosha. Kifaa kisichoingia hapo usikinunue, hata kikiwa rahisi namna gani.

Sasa mashine ya kukimbilia. Hiyo hutaka umeme, na nyuma yake pabaki wazi kama mita 2, ili mtu akiteleza asigonge ukuta. Katika chumba kimoja haiwezekani. Baiskeli ya kusimama mahali pamoja ni afadhali, hasa kwa mwenye magoti mabaya, lakini haikunjiki kwa urahisi. Tumeona zaidi ya moja ambayo sasa ni ya kuanikia nguo, na deni bado linalipwa. Na vile vifaa vinavyotangazwa kwamba vitayeyusha kitambi, tusidanganyike. Kukaza misuli ya tumbo ni vizuri, lakini hakuchomi mafuta ya tumbo peke yake.

VIFAA VINAVYOINGIA CHINI YA KITANDA

1. Mtungi wa plastiki. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hivyo mtungi wa lita 5 ukijaa ni kilo 5. Anza na nusu. Inua mara 10, pumzika, rudia. Ikiwa rahisi, ongeza kikombe kimoja cha maji. Hakuna chuma cha dukani kinachoongezeka pole pole hivyo! Hakikisha kifuniko na mkono wa mtungi ni imara.

2. Mpira wa tyubu. Mwombe fundi wa baiskeli tyubu kuukuu. Kata ile sehemu ya valvu uitupe, osha mpira kwa sabuni. Ukanyage katikati kwa miguu yote miwili, uvute ncha kwa mikono. Ukague kila mara. Ukiona ufa, tupa. Usiuvute kuelekea usoni.

3. Kiti cha mbao. Kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa, simama bila kujisukuma kwa mikono, kaa tena. Hii hutia mapaja nguvu, na kwa wazee husaidia kuzuia kuanguka.

4. Kamba ya kuruka. Kanyaga katikati kwa mguu mmoja. Ncha zifike kwapani. Dari ikiwa chini, rukia uani. Mwenye magoti mabaya au mwili mzito aiache, apige hatua papo hapo.

5. Mkeka, au gunia safi na leso juu yake.

Pesa mtakazotumia hapo hazihitaji mkopo. Pesa za kikundi zibaki kwa karo, mbegu na biashara. Na kikundi kikitaka sana kununua mashine, iwe moja ya wote, iwekwe mahali penye nafasi, na mtu mmoja apewe ufunguo na daftari.

TAHADHARI

Jiko la makaa likiwaka ndani, usifanye mazoezi humo. Hewa yake ina sumu isiyo na harufu, na anayehema sana huivuta zaidi. Litoe nje, fungua dirisha.

Usizuie pumzi unapoinua mzigo, kwa sababu presha hupanda. Toa pumzi unapoinua. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha, uende kliniki. Mja mzito na mwenye presha ya juu waulize kwanza. Tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya wa jamii hapa Kenya wamekuwa wakipewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Mwalikeni wenu siku ya mkutano. Na dawa za daktari zisiachwe eti kwa sababu umeanza mazoezi.

Kifaa kizuri ni kile unachoweza kukitoa kwa dakika moja, ukakitumia, ukakirudisha kabla watoto hawajaomba chakula. Kile kinachohitaji kuhamisha kitanda kitatumika wiki moja tu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ni wanachama wangapi kati yetu hukaa kutwa kazini?
2. Nani hajapimwa presha mwaka huu? Atapimwa lini?
3. Mkutano ujao, nani ataleta mtungi na mpira atuonyeshe?