Mjomba wa Kwaya Nzima



Kamati ya Jubilei ilituomba sisi wapwa, tunaoimba katika kwaya hii, tuseme machache juu ya Mjomba, aliyetutangulia kabla ya siku hii ya miaka 25. Tulipokaa pamoja kuandika, tulianza kucheka kabla hatujashika kalamu. Mtusamehe basi tukicheka na hapa. Yeye mwenyewe angetushangaa kama tungemzungumzia kwa sauti ya matanga.

Mjomba alizaliwa Makueni, upande wa Kibwezi. Alivuka Mto Athi kuja Kitui kumtembelea dada yake, yaani mama yetu, kwa wiki moja. Alikuja na begi, msumeno na randa, kwa kuwa alikuwa fundi seremala. Wiki hiyo haikuisha. Viti vya kwaya mnavyoviona pale mbele ni kazi ya mikono yake. Sisi ndio tuliokuwa na haki ya kumwita Mjomba, lakini kabla ya mwaka kwisha kanisa zima lilimwita hivyo, hata Mama Mwenyekiti aliyemzidi umri.

Kila msimu wa maembe alikwenda kwao na kurudi na magunia ya kutugawia. Alisema Mungu aliipa Kitui asali na Makueni maembe makusudi, ili watu wasiache kutembeleana. Jimbo la Wote lilipoundwa mwaka 2023 kutoka Jimbo la Machakos, alikuja mazoezini akatutangazia kwamba sasa kwao kuna askofu wao wenyewe, kwa hiyo tuwe tukimsalimia huku tumeinama kidogo.

Wengi mnakumbuka safari yetu ya Mwamba wa Nzambani. Sote tumekua tukisikia kwamba anayeuzunguka mwamba ule mara saba hubadilika, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Siku hiyo Mjomba alipotea karibu saa nzima, akarudi akihema. "Nimezunguka mara sita," akasema. "Ya saba nimeiacha. Soprano mko wa kutosha, lakini besi tuko watatu tu."

Tunakumbuka pia mwaka ule tulipogombana juu ya pesa za sare. Leo tunaweza kuutaja bila kuona haya. Soprano na alto waligoma. Walikuja Jumamosi, ila wakabaki chini ya mwembe, na waliokuwa ndani hawakutaka kutoka kuwaita. Mwalimu alikuwa amekwisha kufunga kitabu. Mjomba akasimama, akaimba mstari wa kwanza kwa besi, akakimbia hadi viti vya soprano akauimba kwa sauti nyembamba ya kike, akakimbilia alto, akarudi teno, akitoka jasho. Wale wa nje walisikia soprano isiyo na mwenyewe wakaja kuchungulia dirishani. Waliingia wakicheka, na baada ya kucheka pamoja ikawa vigumu kununa tena. Suala la pesa lilimalizwa jioni hiyohiyo. Kama si mbio zile, huenda leo tusingekuwa na Jubilei.

Sasa kuna jambo ambalo sisi wapwa tulikubaliana kulisema hapa, ingawa si rahisi.

Ukimuuliza Mjomba hali yake, jibu lilikuwa moja: "Nesa muno." Vizuri sana. Alianza kukosa mazoezi ya Jumatano, akisema amekwenda kutafuta mbao. Tukacheka, tukasema mbao gani hizo zisizoletwa. Akaanza kuvaa akala na sare ya kwaya. Msimamizi wa sare alipomkemea, akajibu kwamba hata Petro hakuitwa akiwa na viatu vya ngozi. Tukacheka. Akawa anaimba ameketi, akatueleza kwamba besi ni sauti nzito, haifai kubebwa kwa miguu. Tukacheka sana.

Miguu yake ilikuwa imevimba. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umefika kwenye figo, na kila Jumatano alikuwa hospitalini akisafishwa damu. Mama ndiye aliyejua, na alikuwa ameapishwa asiseme. Tulipopata habari, zilikuwa zimebaki wiki chache. Mmoja wetu alimuuliza kitandani kwa nini alituficha. Akasema hakutuficha, ila aliona tunafurahi, akachelea kutuharibia.

Maneno hayo yametukaa moyoni. Ndugu zetu, hatukumkosea kwa kucheka, maana kuchekesha ndiko kulikokuwa utume wake, na aliutimiza vizuri. Tulimkosea kwa kuridhika na jibu lake. Mtu akiwa na huzuni tunamuuliza mara mbili, tatu. Anayetuchekesha tunamuuliza mara moja, na kabla hajajibu tunangoja kichekesho.

Tulimzika kwao. Kwaya yote ilipanda basi, tukapita Mutomo kuelekea Kibwezi. Tulipofika kwenye daraja la Athi hakuna aliyekuwa akisema neno. Ndipo mmoja wa akina mama waliogoma mwaka ule akaanza polepole kuimba soprano ile ya Mjomba, ile ya kuchekesha, kwa kuibana pua. Basi zima lilicheka na kulia kwa pamoja. Makaburini tuliimba tukiwa na besi wawili, na kila mtu alisikia pengo lilipokuwa.

Tangu hapo kwaya imejiwekea desturi. Kabla ya kupasha sauti tunaulizana hali, na jibu la kwanza la "niko sawa" halipokelewi; anayeuliza huuliza tena. Wengine walidhani ni mchezo. Lakini kwa njia hiyo tumewajua wenzetu wawili waliokuwa wagonjwa, na mmoja aliyekuwa hana karo ya mtoto, nao wakasaidiwa mapema. Tunaomba jumuiya zote ziichukue desturi hii. Haigharimu kitu.

La mwisho ni kiti chake. Kipo pale nyuma, upande wa besi, na kwa miezi mingi hakuna aliyethubutu kukikalia. Mjomba hakukitengeneza ili kiwe ukumbusho. Kijana yeyote mwenye sauti nzito aje Jumamosi saa tisa, akikalie. Akija na vichekesho tutafurahi. Na tutamuuliza hali yake mara mbili.

Bwana ampokee Mjomba, na ampe nafasi kati ya besi.