Mtu Yumo Ndani



Mwaka 2011, huko Marekani, mama mmoja aliyepooza na kupoteza usemi kwa karibu miaka 15 aliinua chupa ya kahawa, akanywa. Mkono ulikuwa wa mashine. Madaktari walikuwa wamempandikiza ubongoni kifaa kidogo kama kidonge, chenye sindano 96 nyembamba kama unywele. Alipowaza kuinua mkono, kompyuta ilisoma wazo lake, ikaiamuru mashine. Mwili ulinyamaza, nia haikufa.

Mashine hiyo haiko katika ploti zetu za Umoja, Kayole wala Pipeline. Lakini waliopooza kwa kiharusi wako, orofa ya nne, pasipo lifti. Mgeni huingia, akamwuliza mke, "Je, anakula? Anasikia?" na mume amelala papo hapo. Ndugu, mwulize mwenyewe. Ngojea jibu, hata likija kwa kope tu.

Katika Marko 2, watu wanne walimpandisha mwenye kupooza mpaka darini. Sisi twaombwa kumteremsha ngazi tu. Jumapili hii, wanne wenu mkabishe hodi.