Nyumba ya Madirisha: Hardwick Hall



Leo napenda kuwapa habari za nyumba iliyo juu ya kilima huko Derbyshire, Uingereza, iitwayo Hardwick Hall. Ilijengwa kati ya mwaka 1590 na 1597 kwa amri ya bibi tajiri, Elizabeth, mjane wa Lodi wa Shrewsbury. Fundi aliyeichora husemwa ni Robert Smythson.

Zamani zile kioo kilikuwa ghali mno. Bibi huyu alitaka madirisha makubwa, tena yazidi urefu kila ghorofa ipandapo, maana vyumba vya heshima vimo juu kabisa. Lakini ukuta uliotobolewa hivyo utabebaje dohani? Fundi alizitia nyingi katika kuta za ndani. Akili hiyo naistaajabia kuliko mapambo yote. Na juu ya minara sita bibi akaweka herufi za jina lake, E.S., za mawe. Hakuona haya!

Mwaka 1956 nyumba ilitolewa kwa Serikali kulipia kodi ya urithi, na tangu 1959 yatunzwa na chama cha National Trust. Sheria imeiweka daraja la kwanza: hata hao waitunzao, wakigeuza umbo la dirisha moja bila idhini, wamekosa.